Kujuana kikazi kwa kujibu maswali: maana yake ni nini?

Mtu akisema "mimi nina koneksheni", tunamwelewa mara moja. Ana mjomba wizarani, au alisoma darasa moja na mkurugenzi, au shemeji yake hukaa kwenye usaili. Koneksheni ya aina hiyo ama unazaliwa nayo au unaikosa. Ipo nyingine ambayo mtu huijenga mwenyewe, mbele ya macho ya watu, kwa kuwatatulia matatizo ya kazi watu asiowajua. Ninaieleza hapa kwa sababu kwa kijana asiye na mjomba popote, huu ni mlango wa kweli, na wengi wanaupita bila hata kuusukuma.

Kujuana kikazi kupitia majukwaa ya maswali na majibu ni hali ya watu wa fani yako kukufahamu kwa kile unachokijua, kutokana na maswali uliyouliza na majibu uliyotoa mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma. Majukwaa yenyewe ni mengi. Quora, iliyoanzishwa mwaka 2009, hupokea maswali ya kila namna. MathOverflow ya mwaka huohuo ni ya watafiti wa hisabati. Mimi nitatumia mfano wa Stack Overflow, jukwaa la waandishi wa programu lililoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, kwa kuwa humo sifa ya mtu huhesabiwa kwa tarakimu na kila mtu anaiona.

Mambo huenda hivi. Mmoja anauliza, yeyote anajibu, wasomaji wanapiga kura. Jibu likiungwa mkono, mwandishi wake anapata alama 10 kwa kila kura. Aliyeuliza akilikubali kuwa ndilo lililomfaa, mjibu anaongezewa 15. Likipingwa, anapoteza 2, na aliyelipinga naye anakatwa 1, ili watu wasipinge ovyo. Jumla ya alama hizo ndiyo sifa yako, nayo hukaa kando ya jina lako kila uandikapo. Sifa hiyo huleta na mamlaka: ukifikisha 15 unaruhusiwa kuunga mkono maandishi ya wengine, ukifikisha 2,000 unaweza kuyahariri bila kusubiri idhini. Wa kwanza kufikisha alama 1,000,000 alikuwa Jon Skeet, wakati huo mhandisi wa Google nchini Uingereza, Januari 2018. Waandishi wa lugha ya programu ya C# dunia nzima wanalijua jina lake, ingawa wengi hawajawahi kumtia machoni. Walikwama, wakatafuta, wakakuta yeye keshajibu.

Jambo moja huwashangaza wageni: jukwaa hili liliundwa bila sehemu ya kutumiana ujumbe wa faragha. Sasa watu watajuanaje? Jibu liko hukohuko. Anayependezwa na jibu lako hubonyeza jina, anafika kwenye ukurasa wako, anasoma majibu yako mengine, kisha anafuata kiungo cha tovuti yako, au cha GitHub (mahali waandishi wa programu wanapohifadhi kazi zao), ulichokiweka. Akija kukuandikia, tayari ameshaiona kazi yako. Katika kujuana kwa kawaida tunaanza na salamu, kazi inafuata. Hapa kazi inatangulia.

Tuliangalie jambo lenyewe kwa karibu. Mwanafunzi mmoja anaunganisha programu yake na STK Push, ile huduma ya M-Pesa inayomletea mteja ombi la malipo kwenye simu aweke PIN. Anaandika: "Habari wakuu, STK Push yangu haifanyi kazi, naomba msaada, ni haraka." Swali hili halina pa kulishika. Mtaalamu akilisoma analipita, si kwa roho mbaya, ila hana pa kuanzia.

Mwingine mwenye tatizo lilelile, anayetumia Daraja, lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa, anaandika: "Ninatuma ombi la STK Push kupitia Daraja. Linakataliwa, naambiwa anwani ya kurudishia majibu si sahihi. Niliyoweka ni http://localhost:3000/majibu. Nimebadilisha namba ya mwisho mara mbili, hakuna tofauti. Msimbo wangu huu hapa, mistari 20. Funguo za siri nimeziondoa."

Huyu atajibiwa. Mtu atamwambia: localhost ni kompyuta yako mwenyewe, seva za Safaricom haziwezi kuifikia. Weka anwani iliyo wazi kwenye intaneti, inayoanza na https. Ukiwa bado kwenye majaribio, ngrok, programu inayoifungulia kompyuta yako njia ya intaneti, itakupa anwani ya muda. Ukifika kwenye malipo halisi tumia seva yako. Na hakikisha namba ya simu inaanza na 254, si 07, maana hilo ndilo litakalokukwamisha baada ya hili.

Tazama sentensi ile ya mwisho. Mjibu hakuulizwa habari ya namba ya simu. Ameiongeza kwa sababu njia hiyo ameshaipita, na msomaji mzoefu akiikuta anajua mara moja kwamba huyu si mtu wa kunakili. Lakini muulizaji naye amejionyesha. Amepanga mawazo, amesema alichojaribu, amekumbuka kuficha funguo, ambazo ni kama nywila za programu yake. Kama ningekuwa natafuta kijana wa kufanya naye kazi, kwa funguo zile pekee ningemkumbuka. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, nami naongeza kwamba swali lililopangwa ni barua ya maombi ya kazi ambayo hukukusudia kuiandika.

Kwa nini wageni wawe na faida kuliko rafiki zako? Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alilieleza hili mwaka 1973. Aliwahoji watu wa Newton, mji ulio jirani na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Miongoni mwa waliopata kazi kwa kuelekezwa na mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Maelezo yake ni rahisi: rafiki zako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Habari mpya hutoka kwa mtu wa mbali kidogo. Mwaka 2022 watafiti walipima wazo hili kwa majaribio kwenye LinkedIn yaliyohusu watu zaidi ya milioni 20, wakakuta kwamba mahusiano hafifu kweli yanasaidia zaidi watu kuhama kazi, lakini yale hafifu kupita kiasi hayafui dafu. Yanayofaa zaidi ni ya katikati.

Hapo ndipo wengi hukosea. Hujibu leo swali la Python, kesho la kamera, keshokutwa la mapishi, kisha wanashangaa hakuna anayewajua. Chagua lebo moja, yaani mada moja ya maswali, iliyo karibu na kazi yako, ukae hapo miezi kadhaa, ili jina lako liwapitie watu walewale mara ya tatu, ya nne. Na usibandike majibu yaliyotungwa na akili bandia. Stack Overflow ilipiga marufuku jambo hilo Desemba 2022, wiki ileile ambayo watu walianza kumimina majibu ya ChatGPT yenye sura nzuri na makosa ndani.

Kinachoniuma ni hiki. Sisi tunajibu sana, tena vizuri, ila tunajibu kwenye magrupu ya WhatsApp. Mhasibu anaeleza kodi ya zuio hatua kwa hatua saa tano usiku, fundi wa umeme anachambua picha ya ubao wa nyaya, muuguzi anafafanua jinsi ya kuhuisha leseni. Inafuata "asante mkuu", picha ya maua, tangazo la harusi, na jibu limezama. Walioliona ni watu 200 ambao tayari mnajuana. Mtu wa Mwanza aliyekwama palepale mwezi ujao hatalikuta, wala mwajiri hatalikuta.

Basi fungua simu yako, rudi nyuma kwenye grupu la kazi, utafute jibu refu kabisa ulilowahi kutoa. Ondoa majina ya watu, liandike upya likiwa na swali lake juu, ulichapishe mahali panapotafutika, kwa jina lako kamili na kiungo kimoja cha kazi zako. Kwa mtu anayeanza, hilo litachukua nusu saa.