Kipimo cha virusi vya upumuaji: maana yake na jinsi kinavyofanyika

Kipimo cha virusi vya upumuaji ni uchunguzi unaotafuta, ndani ya ute wa pua au koo la mgonjwa, alama za kirusi fulani: ama protini zake, ama vinasaba vyake. Hapa Uganda ufafanuzi huu unahitajika sana, kwa kuwa neno la Kiganda ssenyiga hubeba mafua ya kawaida na influenza kwa pamoja, na hata UVIKO-19 ilipoingia watu waliiita ssenyiga omukambwe, yaani mafua makali. Jina ni moja, virusi ni vingi, na kikohozi peke yake hakimwambii daktari ni kipi.

Kazi yote husimama juu ya sampuli. Mgonjwa huinua uso kidogo, kisha mhudumu huingiza kijiti chembamba kinachopindika, akifuata sakafu ya pua wala si kuelekea juu, mpaka kifike nyuma kabisa, pale pua inapokutana na koo. Hukizungusha taratibu na kukiacha sekunde chache kinyonye ute. Machozi hutoka, mtoto hulia, na mzazi anayempakata imara humsaidia kuliko yule anayeomba kijiti kiishie mlangoni mwa pua. Ncha yake ni ya nyuzi za sintetiki na mpini wake si wa mti, kwani kijiti cha mti chaweza kuvuruga kipimo. Kisha huvunjwa ndani ya kichupa chenye majimaji ya kuhifadhi virusi, nacho huwekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.

Kipimo cha haraka hutafuta protini na hutoa jibu kwa takriban dakika 15, kwa mistari kama ile ya kipimo cha malaria. Msimu wa influenza ukiwa umepamba moto, jibu chanya huaminika; jibu hasi lisimtulize mtu upesi, kwa sababu kipimo hiki huwakosa wagonjwa wengi wa influenza. Cha uhakika zaidi ni PCR, ambacho huchukua vinasaba vya kirusi na kuvizidisha mara nyingi mno hadi mashine ivione hata vikiwa haba. Hutenganisha aina za influenza, A na B, na hugundua pia RSV, kirusi kinachobana vifua vya watoto wachanga.

Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936 kuchunguza homa ya manjano, leo hupima sampuli za influenza kutoka hospitali teule, zikiwemo za wagonjwa waliolazwa wakiwa na kikohozi na homa ya nyuzi 38 au zaidi iliyoanza ndani ya siku 10.

Sampuli ichukuliwe mapema, siku 3 au 4 za mwanzo, virusi vikiwa vingi. Tena, mtoto aliyekutwa na malaria anaweza kuwa na influenza vilevile. Akipumua kwa shida, jibu la malaria lisifunge uchunguzi.