Njoo na kila unachompaka mtoto

Mzazi akiniomba nafasi ya kumleta mtoto mwenye pumu ya ngozi, namwagiza jambo moja tu: aje na kila anachompaka. Sabuni, mafuta, poda, tyubu iliyokamuliwa ikabaki ganda, hata ile chupa aliyoileta bibi kutoka kijijini ambayo mama anaona haya kuitaja.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala alimimina mfuko wake mezani kwangu. Nikahesabu vitu kumi na kimoja. Mwanawe, wa mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa mapajani mwake akisugua kifundo cha mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine, mfululizo, kama fundi anayekanyaga cherehani.

"Dokta, vyote hivi vimeshindwa," akasema.

Havikuwa vimeshindwa vyote. Baadhi ndivyo vilivyokuwa vikimwumiza mtoto, na kimoja kilikuwa dawa nzuri iliyotumika vibaya.

Ngozi ya juu imejengwa kama ukuta: chembe zake ndizo tofali, na mafuta ya asili yaliyo katikati ndiyo saruji. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ana saruji haba, na mara nyingi amezaliwa hivyo. Ukiuliza ukoo utakuta mjomba mwenye pumu ya kifua, au mama mwenyewe anayepiga chafya kila anapofagia. Maji ya ngozi yanatoroka kwenye nyufa, vumbi na sabuni vinaingia, mwili unapambana navyo, ngozi inawasha. Mtoto anajikuna, na kila ukucha unabomoa ukuta zaidi. Si damu chafu, si maziwa ya mama, wala mtoto mwenzake hataambukizwa akicheza naye.

Vitabu vingi vya ugonjwa huu vimeandikwa kwa ngozi nyeupe, ndiyo maana vinasisitiza wekundu. Nilisomea ngozi Moshi, pale hospitali ya KCMC, na huko unajifunza mapema kwamba ukisubiri wekundu kwa mtoto mweusi utasubiri sana. Tafuta weusi uliozidi, ukijivu au uzambarau. Tafuta vipele vidogo tumboni na mgongoni, mfano wa ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Kisha pitisha kiganja: panapokwaruza ndipo penye kazi. Mabaka meupe yanayobaki baada ya ugonjwa kutulia si fangasi; rangi hurudi yenyewe, ila kwa miezi. Lakini kama nyumba nzima inajikuna usiku na vipele viko katikati ya vidole, huo huenda ni upele wa kuambukiza (skabi), na tiba yake ni nyingine kabisa.

Turudi mezani. Kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche na sabuni ya dawa yenye harufu ya wodi. Sabuni husafisha kwa kuondoa mafuta, na huyu mtoto ndicho anachokosa. Aogeshwe mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10, na sabuni laini isiyo na manukato ipite kwapani, makalioni na miguuni tu. Poda niliiweka kando. Majani ya mwarobaini pia: ngozi yenye michubuko haihitaji kusuguliwa na kitu chochote. Mafuta ya zeituni huwashangaza wengi, maana yana sifa ya kuwa tiba, lakini uchunguzi uliochapishwa 2013 na watafiti wa Sheffield, Uingereza, ulionyesha yanadhoofisha ule ukuta. Ya nazi, yaliyo safi, sina ugomvi nayo.

Ninachokitaka zaidi ni mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu wala rangi. Angalia kopo vizuri, maana yale yenye picha ya mtoto mchanga mara nyingi ndiyo yananukia kuliko yote. Mfute mtoto kwa kumbonyezabonyeza taulo, mpake ndani ya dakika 3 ngozi ikiwa bado na unyevu, ukishuka kufuata vinyweleo vinapolalia. Rudia tena angalau mara moja kwa siku, hata pale palipopona. Chota kwa kijiko safi, usitumbukize vidole.

Kiasi ndipo tunapokosana. Mtoto mwenye pumu ya ngozi mwili mzima anahitaji gramu 250 kwa wiki. Mama alikuwa na kopo la gramu 50, alilinunua mwezi mmoja nyuma, na lilikuwa nusu. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili naelewa mtu akilalamika kwamba mtoto anateleza kama samaki na anatoka vipele vya joto. Hapo apakwe losheni nyepesi isiyo na harufu mchana, ya mgando usiku. Anayeishi kwenye baridi ya Njombe asinilalamikie, hasa Juni na Julai.

Sasa ile tyubu. Karibu kila mfuko unakuwa nayo: steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na dawa ya bakteria, zote ndani ya tyubu moja, inauzwa duka la dawa bila cheti. Ukiipaka, siku ya tatu mtoto anang'aa. Mama anaacha, ugonjwa unarudi, anapaka tena, na mwaka unapita hivyo, uso na makalio pamoja. Steroidi ya nguvu ikitumika namna hiyo hukondesha ngozi, huleta michirizi na chunusi usoni, na ikipenya kwa wingi huvuruga homoni za mtoto. Upande wa pili ninao wazazi waliosikia kwamba steroidi ni sumu: wanapaka chembe ya ukubwa wa punje ya mtama kwa siku mbili, kisha wanasema haifanyi kazi.

Mimi huandika haidrokotisoni, steroidi hafifu, ya asilimia 1 kwa uso, na ya nguvu zaidi kidogo kwa mikunjo ya viwiko na magoti iliyokomaa. Mara moja kwa siku hadi kiganja kisikwaruze, kwa kawaida siku 7 hadi 14, kisha inasimama, mafuta yanaendelea. Kipimo ni kidole cha shahada cha mtu mzima: mstari wa dawa kutoka ncha hadi pingili ya kwanza unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima.

Kulikuwa na kikopo kisicho na lebo. Mama aliinama. Ulikuwa mkorogo wake mwenyewe, aliokuwa akimpaka mtoto kwenye mabaka meusi. Baadhi ya krimu hizo zimekutwa na klobetasoli, steroidi kali kuliko zote nilizotaja. Sikumhoji. Nilikisogeza tu upande wa poda, nikamwomba anawe mikono kabla ya kumbeba mtoto iwapo ataendelea kuutumia yeye.

Piritoni, dawa ya mzio, inamlaza mtoto, kuwashwa haikuondoi.

Kilichonisumbua zaidi hakikuwa mfukoni. Mtoto alikuwa amekatazwa mayai, dagaa, maziwa na karanga, na kadi yake ya kliniki ilionyesha uzito umesimama tangu Machi. Mzio wa chakula upo, lakini hujitokeza ndani ya dakika au saa mbili hivi: midomo kuvimba, mabaka ya kuwasha, kutapika. Kukataza kwa kubahatisha kuna hasara. Utafiti wa London wa 2015 ulifuatilia watoto wachanga wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Kati ya walionyimwa karanga, 17 katika kila 100 walikuwa na mzio wa karanga walipofika miaka mitano. Waliolishwa mapema, 3. Za kusagwa, si nzima, na kama ngozi imechachamaa anza kwa ushauri wa daktari.

Kitu kimoja kisisubiri miadi: malengelenge madogo yanayofanana, yaliyotoboka katikati, yanayouma, pamoja na homa. Hivyo ni virusi, na mtoto anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Magamba ya manjano yenye majimaji nayo yaonwe mapema.

Kati ya vitu kumi na kimoja mama aliondoka na vitatu. Miadi yake ni baada ya wiki mbili. Nimemwambia aje na makopo ya mafuta, na ninataka kuyaona matupu.