Kumlaza mzee aliyevunjika nyonga si kumpumzisha

Kauli hii nimeisikia wodini hadi imenichosha: “Bibi ana miaka 80, ana presha na sukari, operesheni hataiweza. Tumrudishe nyumbani, mfupa utaunga wenyewe.” Wanaoisema wanampenda mama yao. Kosa lao ni kudhani kitandani kuna usalama.

Mwenye nyonga iliyovunjika hawezi kujigeuza kwa maumivu. Makohozi yanatuama, nimonia inaingia. Damu inaganda mguuni, na bonge likipanda mapafuni linaua. Ngozi ya juu ya makalio na ya visigino inachubuka ndani ya siku chache tu. Haya ndiyo yanayoua, na yanampata aliyelazwa bila kupasuliwa kuliko aliyesimamishwa mapema.

Halafu kuna hilo la “utaunga wenyewe”. Inategemea umevunjika wapi. Ukivunjika chini ya shingo ya paja (ile sehemu nyembamba inayoshika kichwa cha mfupa wa paja), damu hapo ni nyingi, mfupa huunga. Ila bila chuma cha kuushikilia huunga umepinda na mguu unabaki mfupi, tena baada ya miezi miwili mitatu ya kuvutwa kwa uzito. Shingo yenyewe ikivunjika na kuachana ni habari nyingine kabisa. Mishipa inayolisha kichwa cha paja hupanda imeambaa juu ya shingo hiyohiyo, kwa hiyo vipande vikiachana, nayo mishipa hukatika. Usubiri, umkande, umchue, mara nyingi hapaungi, na kichwa chaweza kufa. Ndiyo maana kwa mzee tunakitoa na kuweka cha chuma: nusu nyonga (kichwa tu), au nyonga nzima (kichwa pamoja na kikombe chake) kwa aliyekuwa akitembea vizuri. Kuhusu nani hasa afaidike na nyonga nzima, sisi wenyewe bado tunabishana.

Presha ya 160 kwa 90 si sababu ya kuahirisha. Tunasubiri kidogo kama damu imepungua sana, moyo umeelemewa, au potasiamu imevurugika, na hayo hurekebishwa kwa saa, si kwa wiki. Lengo ni kupasua ndani ya saa 36 hadi 48. Wengi huwatosha ganzi ya mgongo.

Sitaficha kwamba hata kwa wanaopasuliwa, katika hospitali zenye kila kitu, takribani mmoja kati ya wanne au watano hufariki ndani ya mwaka, na wengi hawarudii mwendo wao wa zamani. Na kwa mzee ambaye tayari alikuwa hatoki kitandani, aliyekaribia mwisho wake, mimi mwenyewe husita. Dawa za maumivu na uuguzi mzuri huenda vikamfaa zaidi ya kisu.

Akipasuliwa, asimame kesho yake kwa woka (fremu ya kutembelea) na aukanyagie mguu. Kama nyonga imewekwa kwa kupitia nyuma, goti lisipande juu ya nyonga: asichuchumae, asikae kigodani wala mkekani, asipishanishe miguu, aswali kitini. Choo cha shimo kiwekewe kiti kilichotobolewa. Dawa za kuzuia damu kuganda aendelee nazo kwa takribani mwezi.

Linalosahaulika zaidi ni mfupa wenyewe. Aliyevunjika kwa kuanguka tu akiwa amesimama ana mifupa dhaifu, na nyonga ya pili iko hatarini. Kabla hajaruhusiwa, ulizeni kuhusu kalsiamu, vitamini D na dawa ya kuimarisha mifupa.