Ukingo wa Ngazi: Dhana Potofu na Ukweli

"Utepe wa kuzuia kuteleza ukiwa popote kwenye kidato, yatosha."

Hautoshi. Shuka ngazi taratibu huku ukitazama miguu. Unayoikanyagia ni sehemu ya mbele ya unyayo, nayo inatua ukingoni kabisa, mara nyingi vidole vikiwa vimeshapita nje. Utepe uliobandikwa sentimita tano au sita ndani ya kidato unapitwa na mguu, na anayeshuka anatua kwenye marumaru tupu. Mafundi hurudi nyuma hivyo kwa sababu ukingo ukiwa wa mviringo utepe haushiki, unabanduka. Basi ukingo wa namna hiyo haufai utepe. Tafuta kipande kigumu chenye umbo la L, kinachokumbatia kona ya kidato na kufungwa kwa skrubu. Ila kikae sawasawa na uso wa kidato, maana kikiinuka hata kidogo, anayepanda atajikwaa.

"Kipande chenye mistari hakitelezi."

Hii ndiyo inayouza bidhaa nyingi. Alumini yenye mifereji bado ni alumini: ikilowa, maji hutanda kati yake na soli, na kadiri miaka inavyokwenda ile migongo ya mistari husuguliwa hadi ikang'aa. Kinachoshika kwenye maji ni chembe ngumu zenye ncha, kama za msasa, zilizogandishwa juu ya kipande hicho. Kwa kawaida huwa ni silikoni kabidi au oksidi ya alumini. Mpira nao ni mzuri ndani ya nyumba pakavu, lakini usiutegemee kwenye ngazi inayopigwa na mvua.

Ukiambiwa bidhaa ni "R9", usishangilie. Vipimo hivyo vya kutoteleza hupatikana kwa mtu kutembea na buti juu ya ubao wenye mafuta unaoinamishwa kidogo kidogo; vinaanzia R9 na kuishia R13, kwa hiyo R9 ndiyo ya mkiani. Kuna pia kipimo cha pendulamu, mkono unaobembea wenye mpira unaosugua uso unaopimwa: uso uliolowa ukipata 36 au zaidi, hatari ya kuteleza huhesabiwa kuwa ndogo, chini ya 25 ni kubwa. Muulize muuzaji swali moja tu: kipande hiki kilipimwa kikiwa kikavu au kimelowa?

"Rangi ni pambo."

Mguu hufuata jicho. Ngazi ya rangi moja, ukiitazama kutoka juu, huonekana kama mteremko mmoja, hasa kwa mzee au mtu mwenye uoni hafifu. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza kwa majengo yasiyo makazi unataka ukingo utofautiane waziwazi kwa rangi, milimita 55 juu ya kidato na vivyo hivyo kwenye uso wake wa mbele. Na uwe mstari mmoja. Nimeona watu wakibandika mitatu sambamba kwenye kila kidato, wakidhani wanaongeza usalama. Anayeshuka hajui tena ukingo ni upi.

"Utepe ni kwa ngazi za nje tu."

Aliyesema hivyo hajawahi kushuka ngazi ya mbao iliyopigwa nta akiwa na soksi.

"Ukishabandika, umemaliza."

Utepe hauanzi kwa gundi, unaanza kwa usafi. Vumbi, mafuta na nta vikibaki chini yake, pembe zitaanza kuinuka, na pembe iliyoinuka ni mtego. Kata pembe ziwe za mviringo, kisha gandamiza utepe kutoka katikati kwenda pembeni. Baadaye usafishe kwa brashi, si kwa kitambaa pekee, kwa kuwa uchafu hujaa katikati ya chembe na kuzifunika. Ukikagua, usiangalie pembeni, ambako utepe hubaki mpya miaka mingi. Papasa katikati, kila mtu anapokanyaga. Pakiwa laini kama kidevu kilichonyolewa, ng'oa, uweke mwingine.