Kuipa feni jina sio dalili ya upweke

Watu wengi wanadhani mtu akiipa feni yake jina au akigoma kutupa sufuria ya zamani basi ana upweke au kichwa hakiko sawa, sio kweli jamani. Mwaka 1944 wanasaikolojia Heider na Simmel kule Marekani walionyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara moja vikizunguka tu, na karibu wote wakaanza kusimulia ugomvi, huyu mkorofi, yule anakimbia, wakati ni maumbo matupu! Ndo ubongo wenye afya unavyofanya kazi, kitu kikijongea au kikiwa na vituko vyake tunakiona kama mtu.

Nenda mwaloni Kirumba, kule Mwanza, uone mitumbwi ilivyoandikwa majina ubavuni, mbona wavuvi hatuwasemi? Sasa mama wa Mabatini anaeliita jiko lake la mkaa Bi Mkubwa, kwa vile linachelewa kushika moto ila likishashika linaivisha maharage mpaka basi, na mguu mmoja kaufunga waya, unamcheka nini?

Shida ni pale tu vitu vinapojaa ndani hadi hakuna pa kupita na mtu hawezi kuachia hata kimoja, hapo aongee na daktari.