Kumaliza levo zote za gemu sio kuelewa unachosoma

Wazazi wengi siku hizi wanaamini mtoto akishavuka levo zote za gemu ya kusoma basi kusoma kashajua. Hapana jamani. Gemu nyingi zinapima kutambua herufi, kuunganisha silabi, kugusa picha sahihi, na kwa Kiswahili hapo mtoto anaenda haraka maana tunaandika karibu vile vile tunavyotamka, anaweza kukusomea "mfugaji alihamisha ng'ombe kiangazi kilipoanza" bila kukwama halafu umuulize kwa nini aliwahamisha, kimya.

Sisemi gemu hazifai, zinafaa sana tu! Kule Tanga, kwenye Global Learning XPRIZE, shindano la kutengeneza programu za kumfundisha mtoto kusoma, lililomalizika 2019, karibu watoto 3,000 wa vijijini walipewa tableti zenye programu za Kiswahili kwa miezi 15, wengi wao hawakuwahi kwenda shule na zaidi ya 90% hawakuweza kusoma hata neno moja, na mwisho wa majaribio idadi hiyo ikapungua kwa nusu. Ni jambo kubwa mno. Ila kusoma neno ni hatua ya kwanza, kuelewa habari nzima kunataka msamiati na mtu wa kuongea naye.

Kwa hiyo mtafutieni gemu yenye hadithi na maswali ya "kwa nini", sio kugusagusa tu, na akimaliza mwambie akusimulie kwa maneno yake mwenyewe. Akikwama rudini kwenye sentensi ile ile muisome pamoja, taratibu, hata kama simu inamwita kwenye levo nyingine.