Kobalti, bismuti na chembe zilizolala: oksidi nyembamba zinazogeuza joto kuwa umeme

Lubumbashi, kobalti inajulikana kama mali ya kupakia malori. Inachimbwa Kolwezi na Likasi, inapelekwa nje, nyingi inaishia kwenye betri. Lakini ikiungana na kalsiamu na oksijeni inatoa oksidi, Ca₃Co₄O₉, yenye tabia ya kuvutia: upashe moto upande mmoja, uache wa pili upoe, na volti inajitokeza kati yao. Thomas Seebeck alilikuta jambo hili kwenye metali mwaka 1821.

Kwa kila digrii ya tofauti ya joto, oksidi hii hutoa mikrovolti 130 hivi. Kipande kinachogusa mbabula, yaani jiko la makaa, kikiwa na tofauti ya digrii 100 kati ya pande zake, kinatoa milivolti 13 tu. Ili kufika volti 1.3 lazima uunganishe vipande 100 kwa mfuatano. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utando wa oksidi hii, yaani tabaka jembamba sana lililopakwa juu ya bamba, utawasha mtaa mzima umeme ukikatika. Mahali pake ni kwenye sensa ndogo karibu na tanuru, ambapo betri ingeungua.

Ubora hupimwa kwa hesabu moja: volti ya kila digrii ijizidishe yenyewe, igawanywe kwa ukinzani wa umeme na kwa upitishaji wa joto, kisha izidishwe na halijoto ya kelvini. Ugumu uko hapa: ukiongeza chaji zinazotembea, ukinzani unashuka, lakini volti nayo inashuka. Udopishaji, yaani kuingiza atomi chache za kigeni, ndiyo njia ya kutafuta kiasi cha katikati. Sodiamu ikikaa mahali pa kalsiamu huongeza chaji chanya. Bismuti, yenye chaji tatu badala ya mbili, huzipunguza.

Kwa hesabu hiyo bismuti ingepandisha ukinzani. Mara nyingi hutokea kinyume, na wengi hukosea kuusoma ugeuzi huu. Ca₃Co₄O₉ hujengwa kwa matabaka, na umeme hukimbia vizuri ndani ya tabaka kuliko kuruka kutoka moja hadi jingine. Chembe zake, yaani fuwele ndogo zinazoiunda, ni kama sahani. Bismuti husaidia sahani hizo kukua na kulala bapa, hivyo chaji chache zilizobaki zinapata barabara nzuri zaidi. Atomi zake nzito pia huvuruga mitetemo inayobeba joto. Mipaka ya chembe nayo huzuia joto, ila ikizidi huzuia na umeme. Kwa hiyo usiseme «dopanti (atomi ya kigeni iliyoingizwa) imefanya kazi» kabla ya kuziangalia chembe kwa mikroskopu ya elektroni.

Utando unaweza kutengenezwa bila leza ya bei ghali. Kwa bismuti ya asilimia 10 mahali pa kalsiamu, pima nitrati ya kalsiamu yenye maji manne gramu 0.638, ya bismuti yenye maji matano gramu 0.146, ya kobalti yenye maji sita gramu 1.164, na asidi ya sitriki yenye maji moja gramu 1.47, kwa mililita 10 za maji. Bismuti iyeyushwe kwanza peke yake katika asidi ya nitriki iliyopunguzwa. Ukiitupa moja kwa moja majini, inageuka wingu jeupe na kuzama, na ile uliyopima haitafika kwenye utando. Vaa glovu, maana kobalti ni sumu. Nitrati zikiungua hutoa moshi wa kahawia, kwa hiyo fanya kazi chini ya kivuta-moshi.

Mwaga matone juu ya bamba safi la safaya, zungusha mizunguko 3000 kwa dakika kwa sekunde 30, kausha kwa digrii 150 za Selsiasi, choma kwa 400. Rudia matabaka kadhaa, kisha maliza kwa 700 hadi 750 katika oksijeni. Pandisha moto polepole, digrii 2 au 3 kwa dakika. Ukiharakisha, gesi hupasua utando. Ukipoza bila oksijeni ya kutosha, chaji hupungua. Ukifika karibu na 926 hewani, oksidi yenyewe huvunjika. Na usitumie kioo cha kwazi: hakitanuki karibu hata kidogo, kwa hiyo wakati wa kupoa utando unajikunja peke yake na kuchanika.

Upime utando kwa eksirei: ikionyesha mistari ya matabaka tu, sahani zimelala. Mstari wa Co₃O₄, oksidi nyingine ya kobalti, ukijitokeza, uwiano umeharibika.

Kosa baya zaidi liko kwenye kupima. Bamba la titanati ya stronti, ambalo wengine hulitumia badala ya safaya, likipashwa moto penye oksijeni kidogo hupoteza oksijeni na kuanza kupitisha umeme, kwa chaji hasi. Lina unene wa milimita 0.5, utando nanomita 100: bamba ni nene mara 5000. Hata likipitisha kidogo sana, mita inasoma bamba, siyo utando. Pasha bamba tupu kwa moto uleule na gesi ileile, ulipime pembeni. Likipitisha umeme, namba zote za utando ule zitupwe.